Sauti ya Baba Ndani ya Simu

Baba alipopigwa na kiharusi, Kiswahili kilimtoka chote. Alibaki na Kichagga cha kwao Uru, nacho kilitoka kimevunjikavunjika, kwa upande mmoja wa mdomo. Mimi nilizaliwa Pasua, mjini Moshi; marehemu mama alikuwa mtu wa mjini, nyumbani tulizungumza Kiswahili. Kichagga changu kiliishia kwenye salamu.

Nafundisha fizikia sekondari. Miaka yote nimewaambia wanafunzi kwamba taarifa haielei tu: lazima ikae kwenye kitu, wino kwenye karatasi, mtetemo kwenye hewa, chaji za umeme kwenye kumbukumbu ya simu. Ukitunza kitu hicho na mpangilio wake, umeitunza taarifa yenyewe. Niliamini hivyo. Kwa hiyo jioni moja baba aliponishika mkono akaanza kusema, akasema mpaka jasho likamtoka, nilimrekodi. Alipomaliza alinitazama akingoja jibu. Nikasema, "Sawa, baba." Usiku huohuo alifariki.

Baada ya mazishi nilimsikilizisha rekodi hiyo binamu yangu anayelima kihamba, shamba la migomba la ukoo, kule Uru.

"Nasikia 'maji'. Nasikia 'mama'," alisema. "Mengine yamekatika, kaka. Labda shangazi. Wamelelewa pamoja hao."

Shangazi alikuwa mlangoni pa jiko akimenya ndizi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Wewe ni wa nani?"

Nilijua kumbukumbu zake zimeanza kupotea, lakini sikuwa na mwingine. Nikamwekea simu sikioni. Mkono wenye kisu ukasimama. Akacheka, akafuta macho kwa kanga, kisha akaanza kumjibu kaka yake kwa Kichagga, kwa upole, kama anayembembeleza mtoto.

"Anamwambia asiogope," binamu alinong'ona. "Eti hayo yalishakwisha."

"Yapi?"

"Hajasema."

Nikapiga magoti mbele yake. "Shangazi, baba amesema nini?"

"Baba yako nani?"

Tukairudia sauti ileile. Safari hii alikasirika, akamgombeza kaka yake kwa nini ameacha ng'ombe bila majani. Mara ya tatu aliisukuma simu, akaniuliza kwa nini mwenyewe haji, anatuma watu.

Niliteremka Moshi. Nyumbani niliifungua sauti kwenye kompyuta, nikayatazama mawimbi yake yakipanda na kushuka. Hakuna lililopungua. Fizikia ilinitimizia ahadi yake yote, na bado sikujua kama baba aliniaga, aliniusia, au aliomba maji tu. Pale alipovuta pumzi nilipaona wazi. Alichotaka nikijue sikukiona popote.

Shangazi alifariki masika yaliyofuata. Msibani binamu aliniuliza kama ile sauti bado ninayo.

"Ninayo."

"Yote?"

"Yote," nikamjibu.