Tonton na Ndege ya Guangzhou

Juzi rafiki yangu mfanyabiashara alinionyesha tiketi yake. Dubai hadi Guangzhou ni kilomita karibu elfu sita, na ndege inazimaliza kwa muda wa saa saba na kidogo. Nikakumbuka alasiri moja ya utotoni kwetu Kabondo, nyumba ikinuka mboga ya pondu na udongo uliolowa, papa, baba yangu, akiwa amezikwa punde tu.

Tonton, mdogo wake papa, aliingia akinukia manukato mapya.

"Yaya, unisamehe kukosa maziko," alimwambia mama, akimwita kwa heshima kama dada mkubwa. "Habari ya kifo ilinikuta Guangzhou. Mpaka kufika Dubai tu, ndege inatembea juma muzima!"

Mama aligeukia sufuria ya pondu. Mimi nilimwamini. Niliwaza ndege ikisimama kila kijiji kama mashua ya mtoni iendayo Basoko, tonton akilia humo peke yake. Nikampa kipande changu cha samaki.

Sasa, mbele ya tiketi ya rafiki yangu, hasira niliyoikosa siku ile ikanijia yote. Jana nilimpigia simu.

"Tonton, kwa harusi yangu, mama ndiye atasimama mahali ya papa."

"Na mimi, mutoto wangu?"

"Wewe utakaa nyuma, na wageni."

 Nilikata simu bila haraka, nikafurahi.