Mama Alivyolisikia Difu

Enzi zetu, sisi watoto wa Tarime tuliokua wakati watu wanakimbilia dhahabu, gari tulilijua kwa mlio kabla hatujaona vumbi lake. Tulifumba macho, midomo imejaa mahindi ya kuchoma, tukataja lori linalopanda kilima. Aliyekosea alinyang'anywa hindi lake.

Baba yangu, Tata kama tunavyosema Wakurya, alibeba wachimbaji kwa pikapu kutoka Gorong'a hadi mashimoni. Asubuhi moja gari lilifurika kwa sababu mwamba mpya wa dhahabu ulikuwa umetoka. Mimi na Mama tulikaa nyuma, tunakwenda kwa shangazi. Njiani Mama akaweka kiganja sakafuni, akatulia, kisha akagonga kioo cha Tata.

"Baba Bhoke, difu linavuma. Ukikanyaga mafuta linavuma, ukiachia linanyamaza."

Tata akasimamisha gari, akaingia uvunguni. Difu, lile bonge la gia katikati ya magurudumu ya nyuma, lilikuwa la moto kama sufuria jikoni. Alipofungua nati, oili ikatoka nyeupe kama chai ya maziwa, na chembe za chuma zinameta ndani yake. Maji ya mito tuliyozoea kuvuka yalikuwa yamepenya kwenye sili, mpira wa kuzuia oili, iliyochakaa.

"Beringi imekwisha," akasema. "Mteremko hatushuki."

Mchimbaji mmoja mzee akakunja uso. "Mura, kijana wewe, unatuchelewesha kwa kumsikiliza mwanamke?"

"Difu likikwama mteremkoni, magurudumu ya nyuma yanajifunga. Anayetaka kuwahi atembee."

Wengine walitembea kweli. Waliobaki walimwona Tata akilifungua difu palepale, akatoa beringi iliyomenyeka na kupasuka. Ikapita mkono hadi mkono. Ilipomfikia yule mzee, akaigeuzageuza, akamtazama Mama. "Shikamoo, mama," akasema, ingawa alimzidi umri kwa mbali.

Tangu hapo, kila tulipovuka mto maji yakafika kwenye ekseli, Tata alikagua oili ya difu, na akiona imegeuka rangi aliimwaga yote. "Chuma hakifi ghafla," alizoea kutuambia. "Kwanza kinalalamika."

Juzi nilipanda gari la kijana mmoja kwenda Mugumu. Difu lililia njia nzima, naye akaongeza muziki. Nilipomwambia, akanijibu kwa upole, "Mama, mbona taa ya hatari kwenye dashibodi haijawaka?" Nikashuka Morotonga, nikamalizia safari kwa miguu, kichwa juu, binti wa wazazi wangu.