Tableti ya Dada Fundi

"Hiki ni kioo cha kupakia wanja, si cha kusomea!" dada yangu alimfokea muuzaji. "Naona pua yangu tu!"

Ilikuwa tableti ya tatu kuikataa. Dada ni fundi cherehani. Macho yamechoka kwa kutia uzi kwenye sindano, na maandishi ya vitabu yamemshinda, yeye ambaye zamani hakulala bila hadithi. Nikamleta dukani achague kitu cha kukuza herufi na kuperuzi mtandaoni. Laiti ningejua!

Kwanza alivua futi shingoni akaanza kuzipima tableti. Kisha akajilaza chali kwenye benchi la wateja, tableti juu ya uso, eti nyumbani ndivyo anavyosoma. Ile kubwa ikamponyoka, ikamtua puani.

"Dada, inuka, watu wanatuangalia!"

"Waangalie. Kwani wao ndio watakaoisoma?"

Mwishowe akachukua ndogo, nyepesi, isiyong'aa sana. Nikamshukuru Mungu.

Baada ya siku chache nilimkuta kajilaza kitandani, herufi kubwa kama maharagwe, anacheka peke yake. Tableti ameivisha mfuko wa maua. Maua yale nikayajua: kitambaa nilichompa anishonee gauni, na kila nikiuliza ananiambia kesho.

"Na gauni langu je?"

"Kitambaa hakitoshi tena, mdogo wangu. Keti nikusomee, huyu bwana harusi wa hadithi hii mjinga kweli!"

Nilitaka kugomba. Lakini mara ya mwisho kumsikia akicheka na kitabu ilikuwa lini?

"Gauni nimekusamehe," nikamwambia. "Soma, ila anzia mwanzo."