Mwaka Nilioitwa Tai

Pembe ya msaragambo ililia alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala mabondeni, na sauti yake haikuwa nzuri hata kidogo. Ilikuwa kama ng'ombe mwenye mafua. Hata hivyo, kabla haijamaliza pumzi yake ya kwanza mimi nilikuwa nimeshashuka kitandani, kwa sababu ikilia maana yake leo hakuna kukaa. Msaragambo kwetu Upareni ni kazi ya wote: kuzibua mfereji, kulima barabara, kujenga. Mwaka ninaousimulia kijiji kilikuwa kinajenga kanisa, na kazi ya watoto ilikuwa kubeba mawe kutoka korongoni hadi kileleni. Ilikuwa miaka ya ruksa, ila ruksa yenyewe ilikuwa bado haijapanda mlima. Tulisikia kwamba sokoni Same mitumba inamwagwa juu ya maturubai mtu anachagua apendavyo, na kwamba sukari haipangiwi tena foleni. Huku juu tulikuwa bado tunafulia majani ya mpapai, na chai tuliinywa kavu, bila sukari, yenye tangawizi kali ya kutoa machozi. Baba, aliyekuwa akikata mkonge kwenye shamba moja kule tambarare, alikuwa amerudi nyumbani na panga lake na blanketi, kwa kuwa mkonge ulikuwa umekosa bei.

Jina langu ni Nakijwa, lakini shuleni waliniita Kiguu na Njia. Nilikuwa naweza kutumwa chumvi nikarudi na kinyonga, nimesahau chumvi, nimesahau na kwamba nilitumwa. Nilipokuwa darasa la nne, nilianza hesabu ya kugawanya kwenye daftari nikaimalizia kwa kuwahesabu mijusi darini. Sauti zote ziliniingia kwa pamoja: chaki ubaoni, mbuzi wa jirani, mwenzangu anayevuta kamasi, upepo kwenye bati lililolegea. Mwalimu mkuu alipokuwa anauliza swali, swali lake lilikuwa sauti moja tu katika umati. Nilichapwa. Nilipigishwa magoti. Mwisho aliitwa mama, nami nikiwa nimesimama pale pale mlangoni, nikisimamia mguu huu kisha ule. "Mama Nakijwa," mwalimu alisema, "mtoto huyu haumwi. Ana moto makalioni. Fimbo zangu zimekwisha, na kichwa chake hata hakijaanza." Maneno hayo yalifika Same haraka kuliko lori. Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa amejifungua na anatafuta yaya. Akatuma salamu: kama mtoto hashiki, nipeni mimi, huku hakuna hesabu, kuna nepi tu.

Hapo ndipo anapoingia Mwinjilisti Zefania. Alikuwa mtu mwembamba aliyevaa tai shingoni na buti za mpira miguuni, siku zote, hata juani. Mahubiri aliyoyapenda kuliko yote yalikuwa ya wale viumbe wanne wanaokizunguka kiti cha enzi mbinguni: simba, ndama, mwanadamu na tai. Aliamini kwamba Mungu alipomuumba kila mtu alimpitisha mbele ya mmojawapo, na mtu huyo akachukua sura yake ya ndani. Hakumuuliza mtoto maswali ili aijue sura hiyo. Alikaa tu juu ya rundo la mchanga siku ya msaragambo akatuangalia tunavyobeba mawe. Simba huchukua jiwe kubwa na kusukuma wenzake awe wa kwanza. Ndama hubeba jiwe la kadiri, anakwenda na kurudi kwa mwendo ule ule mpaka aambiwe basi. Mwanadamu husimama kumpokea aliyechoka. Jirani yetu Niendiwe, tuliyelingana naye umri, aliitwa ndama siku ya kwanza tu, na wazee wakaguna kwa kukubali, maana alikuwa mtoto ambaye ungeweza kumsahau jikoni ukamkuta jioni anachochea moto ule ule.

Mimi siku hiyo nilishuka korongoni kufuata jiwe na sikurudi. Nilikuwa nimesikia maji yakibadilisha sauti mahali fulani, nikayafuata, nikakuta kwenye kona ya kijito fungu la mchanga laini, mweupe, ambao mafundi walikuwa wakiuchukua mbali upande wa pili wa kilima. Nilirudi mikono mitupu, nguo imeloa, nikipiga kelele kwamba nimeona mchanga. Watoto walicheka. "Kiguu na Njia amebeba hewa!" Mwinjilisti aliinuka, akaenda kuuona, akarudi buti zake zimejaa maji. Akasema mbele ya watu wote, "Huyu ni tai. Ninyi mnaona njia, yeye anaona bonde." Sijui kama kuna siku niliyowahi kuwa mrefu kama siku ile.

Lakini neno likishatoka mdomoni huenda kulala nyumba ya watu wengine. Jioni mama alipokuwa anapepeta mahindi alimwambia baba, "Umesikia? Tai. Na tai hafugwi bandani." Kwake jambo lilikuwa limekwisha: kama Mungu mwenyewe ameniumba niwe wa kuruka, dawati ni la nini? Heri nikaruke Same, nikapate angalau nguo za mitumba. Akatengeneza kifurushi changu. Nililia kuliko nilivyowahi kulilia fimbo. Watu hawakuelewa, maana mtoto asiyetulia hudhaniwa anachukia shule. Mimi niliipenda. Niliyapenda maswali, nilipenda ramani ya dunia iliyochanika upande wa Asia. Kilichonishinda ni benchi.

Mwinjilisti alipopata habari alikuja nyumbani, akakaribishwa chai kavu.

"Shikamoo, Mwinjilisti."

"Marahaba. Mama Nakijwa, nasikia mtoto anahama."

"Si umesema mwenyewe ni tai? Tai unamkalisha kwenye dawati afanye nini?"

"Nilisema anavyotazama. Sikusema aruke."

"Kwani tai ana kazi gani nyingine?" baba akadakia, akacheka mpaka akakohoa.

Mwinjilisti alikoroga chai ambayo haikuwa na cha kukorogwa. Nadhani ndipo alipoona kwamba alinipa sifa na watu wakaipokea kama hukumu. Hatimaye alisema, "Mpeni kazi moja. Muione kazi, msiione sura." Mama hakupenda kushindwa na mtu wa kanisa, lakini alikuwa mwenye haki. Alisema zamu yetu ya maji ya ndiva ni Ijumaa. Niyalete shambani peke yangu. Yakifika, nitabaki shule. Yakipotea, Jumamosi napanda lori.

Kwa asiyejua, ndiva ni bwawa dogo la mawe na udongo lililochimbwa na mababu juu ya mashamba. Jioni linazibwa lijae, asubuhi mwenye zamu anazibua, maji yanashuka kwa mfereji mwembamba uliokatwa ubavuni mwa mlima. Wakati wa kiangazi zamu ni kama chakula: ukiipoteza, maharage yako yatakauka huku ya jirani yanachanua. Na mfereji una midomo mingi ya pembeni, kila mmoja umezibwa kwa matope na vipande vya mgomba, na kila mmoja unataka kuvuja. Nilizibua ndiva kukiwa na baridi ya kukata vidole. Maji yalianza kushuka, yakisukuma mbele yake majani makavu na povu la rangi ya chai, nami nikatangulia kuyafungulia njia, nikarudi kuziba panapovuja, nikatangulia tena. Kila hatua ilikuwa na jambo lake. Hapa jiwe, pale tundu la kaa, pale mdomo wa shamba la kina Niendiwe unatiririka. Zile sauti zote zilizokuwa zikinichanganya darasani, hapa kila moja ilikuwa na habari ya kunipa, na nilizisikia zote. Katikati ya safari ndege hondohondo alilia msituni, na miguu yangu, bila kuniuliza, ikageukia huko. Nilikuwa nimeshapanda ukingo. Kilichonirudisha hakikuwa akili wala maombi. Maji yalinifikia yakanigusa kisigino, ya baridi, nikakumbuka.

Mama alikuwa amesimama shambani na jembe. Maji yalipoingia kwenye tuta la kwanza, ardhi ikatoa ile harufu ya kushiba. Hakunisifu, hakuwa mtu wa kusifu. Alisema tu, "Kumbe kinachokushinda ni kukaa. Kushika unashika." Jumatatu alikwenda kumwambia mwalimu mkuu maneno hayo hayo. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, lakini mwalimu yule, nampa haki yake, alikubali kunikunja kwa upande ninaokunjika. Nikawa mgonga kengele, mfuta ubao, mleta chaki. Jedwali la kuzidisha nililikariri nikitembea kwenye ukingo wa mfereji. Mtihani wa darasa la nne nilifaulu, na miaka ikapita nikamaliza kidato cha nne, nikaanza maisha yangu ya kuzunguka na biashara ya tangawizi, leo Tunduma, kesho Arusha, ambayo sijayachoka hadi leo.

Mwaka jana nilimpeleka binti yangu kwa daktari mjini Moshi, kwa kuwa walimu wake walikuwa wanaandika yale yale niliyosemwa mimi. Daktari, dada mpole, alieleza kwamba hali hiyo inaitwa ADHD, kwamba ni ubongo ambao hauchagui kwa urahisi sauti ipi isikilizwe na ipi iachwe. Alipokuwa anamuuliza mtoto maswali, mimi nilikuwa najibu moyoni: ndiyo, ndiyo, ndiyo. Simbezi daktari. Jina alilotupa limeniondolea aibu, na ushauri wake tunaufuata. Simbezi Mwinjilisti pia, marehemu sasa. Yeye alinipa cha kujivunia wakati ambapo watu wengine walikuwa wananipa fimbo tu.

Ila kulikuwa na jambo moja lililokuwa likinisumbua. Shangazi alihitaji yaya, na niliponusurika mimi alichukuliwa Niendiwe. Miaka yote niliamini alilipa gharama ya utulivu wake. Tulipokuwa tunarudi kutoka Moshi nilishuka Same na binti yangu, nikamtafuta kwenye duka lake la vyombo.

"We Nakijwa! Bado hujatulia tu? Kaa basi, utanivunjia sahani."

Nikamwambia lililonileta, kwamba alipelekwa badala yangu. Alicheka mpaka mteja akageuka.

"Nani kakwambia nilipelekwa? Nilimfuata shangazi yako mwenyewe nikamwambia nichukue mimi. Nilikuwa nimechoka kuitwa ndama. Kila jiwe nililobeba nilikuwa nawaza barabara ya Same."

"Mbona ulikuwa kimya vile?"

"Kuna aliyeniuliza?" Akafuta mikono kwenye kanga. "Na huyu wako, daktari kasema ana nini?"

Nikamweleza yote, kwa urefu, kama mtu aliyejifunza vizuri somo lake. Alisikiliza, kisha akasema, "Sawa. Na mwenyewe umemuuliza?"

Niligeuka nimuulize. Binti yangu hakuwepo dukani. Alikuwa ameshavuka barabara, amechuchumaa kando ya bodaboda, anamhoji dereva jinsi mnyororo unavyozungusha gurudumu. Nikaacha mezani soda aliyoninunulia Niendiwe, nikatoka, nikachuchumaa pembeni yake.