Mawe Yaliyoruka Jikoni kwa Mama Kulwa

Mwanangu, naikumbuka vizuri siku ambayo mawe yaliruka jikoni kwetu, na wanaume wazima wenye misuli ya kupasulia mwamba wakatawanyika kama vifaranga walioona mwewe. Mimi sikukimbia. Nalisema wazi, maana waliokuwepo wengi bado wapo, waulize.

Leo unaniona nina mashine ya kukoboa hapa Segese na nyumba ya bati, na kwetu Tinde nikishuka kwenye gari watu wananiita tajiri. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Shule niliishia darasa la tatu. Lakini macho nilijaliwa, na kiherehere cha kutaka kujua nilizaliwa nacho.

Miaka ile nilikuwa kijana, tunachimba dhahabu porini upande wa Geita. Mkuu wa duara letu, yaani shimo tulilochimba, alikuwa Shija, mtu wa sauti kubwa. Aliyetupikia ni Mama Kulwa, mjane kutoka Didia, mwenye mapacha wadogo. Shemeji zake walikuwa wameshamnyang'anya shamba, kwa hiyo watoto wale walikula kutokana na sufuria yetu au hawakula kabisa.

Siku hiyo figa lake moja la udongo wa kichuguu lilikuwa limevunjika. Akaokota jiwe jeupe tulilolitoa duarani, lenye vipande ving'avu kama kioo, akaegemeza sufuria hapo. Moto ulipokolea, jiwe likaanza kulia: ta! ta! Kipande kikaruka, kikampiga Shija kifuani. Kingine kikatua kwenye mlenda.

"Jiwe lina miguu hili!" mmoja akapiga kelele.

"Si jiwe," Shija akasema, yeye mwenyewe akiwa tayari yuko mbali. "Ni huyu mama. Mapacha wake hawakufanyiwa mambo ya mila, ndiyo maana anatuletea balaa. Lisemwalo lipo! Jua lisizame akiwa hapa."

Mama Kulwa alikunja mkeka, akamfunga Doto mgongoni, akamshika Kulwa mkono. Mtu aliyezoea kufukuzwa, mwanangu, hufunga mzigo haraka sana.

Shija akasema jiko lisafishwe kwanza. Unajua bundi akilia watu hutupa chumvi motoni, wamfukuze yeye na aliyemtuma. Basi akatoa mfukoni chumvi ya mawe, ile ya chenga kubwa, akamimina gao zima, kiganja kilichojaa, kwenye makaa. Ah! Chumvi nayo ikalia ta-ta-ta, ikaruka nje ya moto kila upande.

"Mnaona? Mama huyu anatujibu!" Shija akapiga kelele.

Wakakimbia mara ya pili. Mimi nikachuchumaa nitazame. Mlio ni uleule, kuruka ni kulekule. Na chenga ya chumvi inang'aa kama kile kipande cha jiwe.

"Kaka Shija," nikaita, "chumvi hii ya nani?"

"Yangu. Niliinunua mwenyewe mjini."

"Mama Kulwa aliigusa?"

"Ataigusaje, na ilikuwa mfukoni mwangu?"

"Basi tuambie, mapacha wako wewe umewaficha wapi?"

Watu wakacheka, kile kicheko cha woga. Shija akaniambia mdomo wangu utaniua, na kwamba maneno hayafukuzi uchawi. Sawa. Nikaenda duarani, nikachagua jiwe jingine lenye vioo, nikawasha moto wangu mwenyewe mbali na jiko. Mama Kulwa alikuwa ameshafika njiani, mzigo kichwani, ametupa mgongo. Nikamwomba asimame kidogo.

Tukangoja. Jiwe limetulia tu. Shija akaanza kutabasamu. Nikaongeza kuni, jasho likinitoka, maana nilijua jiwe lile likinyamaza, mama yule analala porini na watoto. Nikaongeza nyingine. Ta! Kipande kikaruka kikapita juu ya bega langu, na mwenye mapacha yuko kule!

"Mayu," Shija akaita, yaani mama kwa Kisukuma, sauti imepungua, "rudi upike."

Alirudi, lakini mzigo hakuushusha. "Baba," akamwambia Shija, "jiwe mmelipa nafasi ya kujieleza. Mimi hamkuniuliza hata neno." Kisha akasema, "Nitapika hapahapa. Na wewe utakaa karibu na figa hili la jiwe, uwe wa kwanza kula."

Shija alikaa. Kila jiwe likilia, anafumba macho na kujikinga uso kwa sahani. Lakini alikula, akamaliza, ndipo mzigo ukashuka chini.

Baadaye sana nilimuuliza mtaalamu wa mawe. Akasema ndani ya vioo vile, na ndani ya chumvi, mna matone ya maji yaliyofungiwa. Moto ukiyafikia yanatanuka, mlango hayana, basi yanapasua ukuta. Akaongeza kwamba ziko chenga nyingine zinazoruka kwa mwanga mtupu, bila moto. Hizo sijaziona. Nikizipata, nitaketi nazo juani kutwa nzima nizitazame, na umri huu.

Mwanangu, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Kitu kikikushtua, kichungulie. Usitafute mtu wa kumbebesha hofu yako. Na kabla hujamtoa mtu mlangoni, msikilize yeye mwenyewe, hata kama wote wameshakubaliana. Penye wengi mara nyingine pana woga tu.

Mungu akupe macho yasiyochoka kutazama na ulimi usiokimbilia kuhukumu. Moto wako usizimike, na yeyote atakayekupikia apike akiwa na amani.