Dirisha la Kijani la Bibi Rangi

Ofisini walimwita Bibi Rangi, na yeye hakuchukia. Mumewe alikuwa fundi wa kupaka rangi nyumba, na yeye mwenyewe alipaka rangi madirisha ya kompyuta, kwa hiyo wenzake walitania kwamba wawili hao walifungishwa ndoa na kopo la rangi. Kazi yake hasa ilikuwa kutunza seva mbili za ofisi ya viwanja: seva ya kazi, yenye kumbukumbu za kweli za watu na mipaka yao, na seva ya majaribio, yenye kumbukumbu za uongo za kuchezea. Zote mbili zilifunguliwa kwenye dirisha la aina moja, lile jeusi la kuandikia amri, lisilo na pambo lolote. Ukiyafungua mawili kwa pamoja, tofauti yake ni neno moja dogo pembeni, ambalo mtu mwenye haraka halisomi.

Bibi Rangi hakutaka kutegemea neno moja dogo. Akaandika skripti, programu fupi inayojiendesha yenyewe. Kila alipoingia kwenye seva, skripti ilichukua picha iliyo mpya kuliko zote kwenye folda yake, ikaitia ukungu isishindane na maandishi, ikaipunguza mwanga, kisha ikaipaka rangi: kijani kwa majaribio, nyekundu kwa kazi. Picha ikakaa nyuma ya maandishi. Mpita njia aliona maua au uso wa mtoto unaelea ndani ya wekundu, akadhani mama huyu anajichezea tu. Wapi! Kijani, futa utakavyo. Nyekundu, ondoa mkono.

Jumanne moja, saa nane na dakika kumi mchana, kumbukumbu zote za seva ya kazi zikafutwa. Nakala ya akiba ilikuwa ya Ijumaa iliyopita, kwa hiyo watu mia mbili na kumi walioleta hati zao Jumatatu na Jumanne walitakiwa warudi wapange foleni upya. Mkurugenzi, mama wa sauti ndogo iliyoogopwa kuliko kelele, akafunga milango ya seva zote, asiingie mtu, na kusema kwamba aliyefanya hivyo ataondoka kazini kabla ya Ijumaa kwisha. Walioweza kufanya walikuwa wawili tu, tena wakiingia kwa jina moja na neno la siri moja, seva isijue huyu nani na yule nani. Wa kwanza alikuwa Bibi Rangi mwenyewe, mwenye miaka kumi na mmoja pale. Wa pili alikuwa bwana aliyehamishwa kutoka tawi jingine miezi sita nyuma, ambaye bado walimwita Mgeni.

Sasa niambie wewe, ungemshuku nani?

"Mimi saa nane nilikuwa nafagia seva ya majaribio, nafuta takataka, kama kila Jumanne," Bibi Rangi alimwambia Mkurugenzi. "Dirisha langu lilikuwa kijani, bosi. Nimeliona kwa macho yangu haya mawili."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa ndani ya seva ya kazi, lakini nasoma tu," alisema Mgeni. "Sikugusa kitu."

Hakuongeza neno, na hapo ndipo alipojiharibia. Tangu siku hiyo Bibi Rangi akamtia jicho, na mtu ukishamtia jicho kila anachofanya kina kasoro. Mgeni alikula peke yake: anaficha nini? Mgeni aligeuza skrini yake ielekee ukutani. Jua la dirishani lilikuwa linaipiga, lakini jua si lilikuwepo miezi yote sita? Jumatano alimkuta anaandika kwenye daftari, na alipomwona akalifunga. Bibi Rangi akakumbuka pia kwamba wiki moja nyuma jamaa huyu alisimama nyuma ya kiti chake na kuuliza, kwa upole wake ule wa kuudhi, "Dada, hizo rangi siku zikikosekana, utajuaje uko wapi?" Wakati ule alicheka. Sasa aliliona swali lile kama la mtu anayepima ukuta kabla ya kuuruka. Akalipeleka kwa Mkurugenzi neno kwa neno, na moyoni akajisikia vizuri.

Alhamisi jioni, wakiwa mezani, alimsimulia mumewe yote, na kila palipohitaji chumvi akatia. Mumewe alikuwa akibandua rangi kavu kwenye kucha.

"Hicho kijani," akauliza, "ulikipaka saa ngapi?"

"Saa ngapi nini? Skripti inapaka yenyewe."

"Na isipopaka?"

"Haiwezi kukosa kupaka."

"Mke wangu, mimi nikifika kwenye ukuta nikakuta kopo limekauka, ukuta haugeuki mweupe ukaniambia. Unabaki na rangi aliyoiacha wa jana."

Alimkasirikia, akamwambia abaki na kuta zake.

Ijumaa asubuhi Mkurugenzi alimrudishia Bibi Rangi ufunguo wa seva, yeye peke yake, airudishe ile nakala ya akiba. Mgeni aliitwa ofisini kwa bosi. Bibi Rangi akafungua seva ya majaribio kwanza, dirisha likaja kijani. Kisha, katika dirisha hilohilo, akaingia seva ya kazi.

Dirisha likabaki kijani.

Akafungua folda ya picha. Juu kabisa ilikuwa picha ya binti yake, aliyotumiwa Jumanne saa saba kutoka kwenye simu mpya ya binti huyo, naye akaitia humo kwa furaha. Simu ile ilihifadhi picha kwa namna ambayo skripti haikuweza kuifungua. Skripti ilipaswa ipige kelele. Lakini miaka miwili nyuma, alipochoshwa na maonyo, Bibi Rangi mwenyewe aliongeza mstari mmoja: ukishindwa, nyamaza, endelea. Basi ikanyamaza, ikaacha rangi iliyokuwepo: kijani cha Jumanne asubuhi, alipoingia seva ya majaribio, ndicho kilichobaki dirishani hadi leo, aingie seva yoyote.

Akashika tumaini la mwisho, akarudi kuitazama seva ya majaribio. Takataka zote za kabla ya Jumanne zilikuwepo, hazijaguswa. Kama Jumanne alifagia, hakufagia hapa.

Hakuna aliyejua. Angeweza kuifuta picha na mstari ule kwa sekunde tano, na ofisi ingekuwa na amani, na binti yake angemaliza masomo. Simwongopei mtu: mkono wake ulishagusa kitufe. Akayasikia mazungumzo ya chinichini nyuma ya mlango wa Mkurugenzi, akainuka na kuingia bila kubisha hodi.

Mgeni alikuwa ameketi, mikono mapajani. Mbele yake palikuwa na karatasi.

"Bosi, ni mimi," Bibi Rangi akasema. "Jumanne ni mimi. Dirisha halikugeuka rangi. Njoo nikuonyeshe, kila kitu kipo."

Mkurugenzi akaisukuma ile karatasi upande wake aisome. Ilikuwa maelezo ya kukiri kosa, kwa mwandiko wa Mgeni, na chini saini.

"Mbona umeandika hivi?" Bibi Rangi akamgeukia. "Wakati hukufanya?"

"Siku nne, dada," Mgeni akasema. "Siku nne nimeandika kwenye daftari kila nilichokigusa Jumanne ile, naanza upya, naanza upya. Nyote mlikuwa na hakika sana. Jana nikaamini kwamba labda ni mimi kweli."