Babu Amelala Ng'ambo ya Songwe

Mwanangu, ipo siku moja ambayo nikiikumbuka nacheka kwanza, halafu natulia. Ni siku nilipofika chuoni Dar es Salaam, na begi langu na mchele wa Kyela alionifungia Shangazi, nikasimama mbele ya karani wa usajili. Akaniuliza, "Kwenu wapi?" Nami kwa heshima zote nikajibu, "Karonga."

Usinicheke. Hata wewe ungejibu hivyo kama ungelelewa na Shangazi. Kwake yeye, mtu akikuuliza kwenu hakuulizi unalala wapi wala umesoma wapi, anauliza wazee wako wamezikwa wapi. Na babu yangu mzaa baba alikuwa mtu wa Karonga. Alivuka mto Songwe akiwa kijana, akaoa huku kwetu Talatala, Kyela, akazaa na kuzeekea hapa, ila alipoona siku zake zimekaribia aliomba akazikwe kwa ndugu zake. Sasa karani wa watu angeyajulia wapi hayo? Kwake Karonga ni Malawi, na Malawi ni nje ya nchi. Akaniandika mgeni, akanipangia ada ya wageni.

Ada yenyewe sitaki hata kuitaja. Kakao yote ya Shangazi isingeifikia. Nilijieleza mpaka mate yakanikauka. Karani akasema, wala si kwa ubaya, nilete barua ya serikali ya kijiji chetu inayonitambua kabla usajili haujafungwa, la sivyo nafasi yangu atapewa mwingine. Nikapanda basi kurudi nyumbani, nikilia njia nzima.

Shangazi alinisikiliza huku akipepeta mchele. Hakunigombeza. Asubuhi akajitanda khanga yake ya kanisani, tukashika njia kwenda ofisi ya mtendaji wa kijiji. Tukiwa tunatembea akaniuliza nitamwambia nini huyo mtendaji. Nikamjibu kwamba nimeshajipanga, nitasema sina mtu yeyote ng'ambo, na babu simjui.

Alisimama katikati ya njia, wenye baiskeli wakawa wanatukwepa.

"Sikiliza wewe," akasema. "Huyo usiyemjua ni baba yangu mimi. Ndiye aliyekubeba mgongoni kukuvusha matope ya majaruba ili uwahi shule. Leo shule hiyohiyo ndiyo ikufundishe kumkana? Kama chuo hakipatikani ila kwa hilo, basi geuka, turudi tukapande mpunga. Tutakula tu."

Nilikasirika, mwanangu, siwezi kukuficha. Nilimwona mama wa shamba asiyejua dunia ilivyo, anayeniharibia maisha kwa ajili ya kaburi. Leo namwona mtu mkubwa kuliko wote niliopata kukutana nao, na nimekutana na wengi wenye vyeo vyao. Maana hakuna aliyetaka nisome kuliko yeye. Tangu wazazi wangu wafariki alikuwa akilisema jambo hilo kila siku, tukipalilia, tukipika, hata kwenye sala ya chakula, na bado alikuwa tayari kulipoteza palepale barabarani.

Ofisini tulimkuta mtendaji, mtu aliyehamia kutoka mkoa mwingine, na mwenyekiti wa kitongoji chetu amekaa pembeni. Mtendaji akaniuliza nilikozaliwa, wazazi wangu ni akina nani, shule nilizosoma. Yote nikajibu vizuri. Halafu akaweka kalamu chini.

"Na babu yako amezikwa wapi?"

Nikamtazama Shangazi, naye makusudi kabisa akawa anaangalia dirishani. Nikamwita baba kwa lugha ya kwetu, nikasema, "Karonga, tata. Alikuwa mtu wa ng'ambo. Lakini baba na mama wamezaliwa hapa Kyela, nami nimezaliwa hapa."

Mwenyekiti akacheka. "Si nilikwambia?" akamwambia mwenzake. "Msiba ule tulivuka kijiji kizima."

Kumbe waliyajua yote kabla sijafungua mlango. Mtendaji akaniambia, huku akigonga muhuri, kwamba ningelificha kaburi asingeniamini hata nilikozaliwa. Shangazi akashukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga, tata, ndaga fijo," kwa sauti ileile ya siku zote. Tulipotoka nje ndipo alipojifunika uso kwa khanga, akalia. Nikarudi chuoni, nikapokewa kama mwenyeji, nikalipa ada ya wenyeji.

Basi wewe unayejaza maombi ya chuo kwenye simu, nisikilize. Ofisi ikikuuliza kwenu, inauliza uraia wako na makazi yako. Taja nchi, taja wilaya, taja kijiji. Cheti cha kuzaliwa kiwe mkononi mapema, na vya wazazi pia, usije ukapanda mabasi ukilia kama mimi. Lakini mtu akikuuliza juu ya wazee wako, usimfiche hata mmoja ili mambo yakunyokee. Hayo ni maswali mawili, na yote mawili yana jibu la kweli.

Shangazi tulimzika hapa Talatala, kando ya mikakao yake, kwa hiyo siku hizi nikiulizwa kwetu sijikwai tena. Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie, usome umalize, na wazee wako wa pande zote mbili za mto wakusindikize.